Kisima cha Wanu

Siku maji ya kisima yalipoanza kuingia chumvi, Tahiya alidhani ni machozi yake mwenyewe.

Asilaumiwe. Tangu binti yake Wanu kutangulia mbele ya haki, hakuwahi kutawadha pale kisimani bila ya machozi kumlengalenga. Kibati chenye jina la mtoto kilikuwa kimepigiliwa kwenye nguzo, usawa wa macho ya mtu aliyeinama kuchota. Kiliandikwa: MAJI YA WANU. KUNYWA, UMUOMBEE. Herufi alizipaka mumewe, Amour, kwa rangi ya kijani, zikaenda upande kama watu wanaopanda kilima. Tahiya akijipaka maji usoni anakiona kile kibati, na akikiona jicho linafurika. Kwa hiyo alasiri ile aliposukutua na ulimi ukaonja chumvi, aliyatema maji, akasema "Inna lillahi," akaendelea na udhu wake. Kesho yake vivyo hivyo. Na siku iliyofuata vivyo hivyo. Mja hulituhumu jicho lake kabla ya kukituhumu kisima.

Kisima kilikuwa katikati ya konde lao Kiembe Samaki, si mbali na pwani, mahali ambapo zamani palikuwa na minazi na sasa pameota nyumba. Konde lenyewe lilikuwa jiwe tupu. Amour alipolirithi kwa baba yake watu walimcheka. "Utalima nini hapo, yakhe? Utalima chokaa?" Hakuwajibu. Yeye na mkewe walianza kuutengeneza udongo kwa mikono yao. Mtoto wao wa kwanza, Ridhwan, alikwenda soko la Darajani na vespa yake kila asubuhi akakusanya vichwa vya samaki, maganda ya ndizi na mboga zilizotupwa. Samadi waliiomba kwa wafugaji. Majani makavu waliyafagia uani kwa watu, na watu wakawashukuru kwa kufagiliwa. Vyote walivilaza chini ya makuti mpaka vikaoza, vikawa mboji nyeusi yenye harufu ya mvua ya kwanza. Mboji hiyo ndiyo waliyoiweka juu ya jiwe, tuta baada ya tuta, mwaka baada ya mwaka, mpaka jiwe likakubali kuzaa mchicha, bamia, tungule, kotmiri na saladi.

Dawa za dukani hawakutia. Hilo lilikuwa neno la Wanu. Msichana alikwenda kusoma kilimo hai, akarudi nyumbani ana maneno kuliko redio. "Baba, mdudu ukimuua kwa sumu, sumu hiyo hiyo utakwenda kuila na tungule yako." Akawafundisha kutwanga majani ya mwarobaini, kuchanganya pilipili na jivu, kuwaachia vyura na wadudu wema kazi yao. Amour alinung'unika mwanzoni, lakini hoteli za Mji Mkongwe zilipoanza kuuliza mboga za namna hiyo, alinyamaza. Familia nzima ikawa inakula kutokana na yale matuta, na ada za shule zikalipwa kwa saladi.

Kisha Wanu akaugua figo.

Hospitali, daktari alimkataza maji. Alisema mwili wake hauwezi tena kuyatoa, kila akinywa yatakwenda kumzamisha kifua. Wakaruhusiwa kumlowesha midomo kwa pamba tu. Mtoto aliyekulia kando ya kisima akawa anaomba maji kama maskini anavyoomba sadaka. "Baba, tone moja tu." Amour alikuwa ameshika kile kipande cha pamba, akamwambia hapana. Akamwambia hapana mpaka mwisho.

Siku ya hitma, watu wangali wameshika juzuu mikononi, Amour alisimama. "Kisima changu nimekitoa waqfu kwa ajili ya mwanangu," alisema. "Maji yake ni ya kila mwenye haja nayo. Na mimi maadamu ni hai sitamwambia mtu hapana." Watu wakaitikia amina. Na neno lililosemwa kwenye hitma likaitikiwa amina, kulirudisha kinywani ni kazi nzito.

Mwaka wa kwanza neno lile lilikuwa baraka. Wapita njia walisimama, wakanywa, wakaomba dua, wakaenda zao. Wanawake wa jirani walichota siku bomba lilipokauka. Tahiya na Amour nao walichota kumwagilia matuta yao, kama watu wengine tu, na maji yalitosha.

Ndipo akaja Abdulwahid.

Alikuwa mtu mzima wa makamo, mpole wa maneno, anajenga nyumba ya ghorofa ya kupangisha upande wa pili wa uchochoro. Alivua viatu kabla ya kukanyaga konde.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mzee, bomba letu leo linatoka, kesho halitoki. Mafundi wangu wamekaa wanacheza karata. Nimekisoma kibati chako nikaona vibaya kuchota bila ya kuuliza. Na sisi twaweza?"

"Kisima si changu tena," alisema Amour. "Chota."

"Nitakupa chochote..."

"Ukinipa utakuwa umenunua kitu ambacho sina haki ya kukiuza. Sema tu, Mungu amrehemu."

"Mungu amrehemu," alisema Abdulwahid, na hakusema kwa kujikosha. Aliinamisha kichwa kabisa.

Kesho yake pampu ya petroli ilitiwa kisimani, mpira mnene ukavutwa uchochoroni, na boza, tangi kubwa la maji, likaanza kujazwa asubuhi na kujazwa tena jioni. Maji ya zege, maji ya matofali, maji ya kumwagilia kuta zisipasuke. Na Tahiya, hebu tuseme ukweli, alifurahi. Alisimama na jembe mkononi akiusikiliza mpira unavyotetemeka, na kila boza lilipojaa alisema moyoni, Ya Rabbi, mwandikie. Wapita njia walikuwa wakimpelekea mtoto wake kikombe kikombe, huyu bwana anampelekea kwa maboza. Aliyekufa na kiu sasa anapelekewa mto. Usiku alilala usingizi ambao hakuupata tangu hospitali.

Msimu wa kaskazi ukaingia, jua likakaza, na saladi zikaanza kuungua kandokando.

*

Muhiddin, mpishi wa hoteli moja ya Mji Mkongwe, alikuwa na kitambi, na sauti yake ilimtangulia kwenye kichochoro. Alimpokea Tahiya kwenye mlango wa nyuma kama kawaida yake, akaliinamia pakacha, akachomoa mche mmoja wa saladi kwa vidole viwili.

"Mama Wanu! Leo umezipiga pasi?"

"Jua kali, Muhiddin."

"Jua la Kiembe Samaki peke yake? Bi Borafya wa Bungi kaniletea jana, kijani kama zulia la msikiti."

"Basi kamuoe."

Muhiddin alicheka mpaka kitambi kikacheka naye. Kisha akanyamaza, akatazama ndani, akasogea karibu. "Nikuulize neno, mama'ngu, usinikasirikie. Mmeanza kupiga dawa?"

"Audhubillahi!"

"Nnauliza tu. Mkubwa wangu ndivyo alivyosema. Anasema jani likiungua pembeni namna hii, limepigwa dawa. Na wageni wetu wanalipia lile neno, hakuna dawa."

"Mwambie nnamuapia kwa Mungu..."

"Mkubwa wangu haapiwi, Mama Wanu. Anaonyeshwa." Akachagua nusu ya pakacha, nusu akairudisha, tena akaikunja vizuri na kuifunika jani la mgomba, kama mtu anayefunika maiti asionekane.

Tahiya alirudi nyumbani moyo umemfura. Alimkuta Amour anang'oa majani kwenye bamia.

"Samadi yako mbichi ile," alimwambia kabla ya salamu. "Umeitia kabla haijapoa. Sasa tunaambiwa tunapiga sumu."

"Samadi yangu ililala mpaka ikasahau kama ilitoka kwa ng'ombe," alisema Amour bila ya kuinua kichwa. "Labda vichwa vya samaki vya mwanao. Vina chumvi."

Ndiyo mara ya kwanza neno chumvi kutajwa katika konde lile, na aliyelitaja ni Amour. Tahiya hakulitilia maanani. Yeye na Ridhwan waliifukua mboji yote kwenye matuta ya saladi, wakaibeba kwa karai mpaka kwenye ua, wakatia nyingine iliyokaa zaidi. Na kwa kuwa mtu aliyeungua hupozwa kwa maji, wakaanza kumwagilia mara mbili badala ya mara moja.

"Usizidishe maji," alisema Amour.

"Nisizidishe vipi, nayo yanaungua?"

Amour aliinua kichwa. Akatazama pembeni, pale pampu ya Abdulwahid ilipokuwa ikiunguruma, akarudi kwenye bamia zake.

Matuta yakapokea maji mara mbili, na yakafa upesi mara mbili. Kotmiri ilianza, ikawa njano kisha ikalala. Tungule zikatupa maua. Juu ya udongo, maji yalipokauka, palibaki ukungu mweupe mwembamba ambao Tahiya alidhani ni jivu.

Akanuia kufunga Alkhamisi, amuombe Mungu juu ya konde. Amour yeye alikuwa na ada ya kufunga Jumatatu na Alkhamisi tangu msiba, na kila mara alifuturu peke yake pale kisimani, kwa tende na maji ya mtoto wake, kisha ndiyo akaja nyumbani kula. Tahiya hakuwahi kukaa naye, kwa kuwa saa hizo yeye huwa jikoni, na nyumbani walikunywa maji ya bomba yaliyohifadhiwa kwenye mtungi. Siku hiyo alikaa.

Adhana ikatoka. Amour alimpa tende, akamjazia kikombe. Tahiya akasema bismillahi, akanywa funda moja.

Hakuwa akilia. Siku nzima hakulia, alikuwa na njaa na hamaki tu. Alijigusa shavu kwa mgongo wa mkono, likawa kavu. Na maji yalikuwa na chumvi.

Akamtazama mumewe. Amour alikuwa anakunywa polepole, funda baada ya funda, kama mtu anayekunywa dawa aliyoizoea. Alimaliza kikombe kizima, akapangusa midomo. "Alhamdulillahi."

"Baba Wanu."

"Naam."

"Umejua lini?"

Amour alikipindua kikombe juu ya jiwe.

"Sikukuuliza kama umeshiba. Umejua lini?"

"Tangu kaskazi linaingia," alisema. "Mwanzo nikadhani mdomo wangu."

"Na ukaniacha nikamwagilia. Mara mbili kwa siku! Nikafukua mboji, ukamsingizia mtoto samaki wake, nikakutukania samadi..."

"Ningesema nini?"

"Ungesema maji yana chumvi!"

"Kisha ungesema tumzuie yule bwana."

Ndilo hasa neno lililokuwa ulimini mwa Tahiya. Na nyuma ya neno hilo lilikuwepo jengine lililomuuma zaidi. Yeye ni mtoto wa Mkokotoni. Huko kwao visima viko karibu na ufuo, na kila msichana hufundishwa adabu yake: kisima hulazwa. Adhuhuri ikishaingia kinafunikwa makuti, na hata mwenye harusi hachoti mpaka kesho. Mama yake alimwonyesha kwa sahani ya mchuzi. "Unayaona mafuta yaliyokaa juu? Hayo ndiyo maji matamu. Chini yake ni bahari. Ukichota kwa pupa utakula mchuzi." Alilijua hilo tangu hajaota meno ya pili. Akasimama na jembe lake akashangilia maboza.

"Mimi nilijua zaidi yako," alisema kwa sauti ndogo. "Kisima hulazwa. Nilijua, sikutaka kujua."

Ridhwan alikuwa amefika na vespa yake, amesimama gizagiza pale mlangoni, ameyasikia. "Basi nnakwenda kuukata ule mpira sasa hivi."

"Ukiukata," alisema Amour, "umeukata ulimi wangu."

"Baba, konde linakufa! Hoteli zinatukimbia!"

"Nakuona kama hukuwepo hospitali." Sauti ya Amour haikupanda, ilishuka. "Dada yako aliomba maji. Mimi baba yake nikamwambia hapana. Nikaapa mbele ya Mungu na watu sitamwambia tena mtu yeyote. Leo nikasimame mbele ya kisima chake, nimwambie mtu hapana? Wewe unaweza? Mama yake, wewe unaweza?"

Ng'ambo ya uchochoro mafundi walikuwa wanaosha karai zao kwa maji ya Wanu, wanaimba.

*

Jioni ya Jumamosi Tahiya huhudhuria darsa ya Bi Bashira, ghorofani katika nyumba moja ya zamani Mji Mkongwe, pamoja na wanawake wengine waliochelewa kusoma. Siku hiyo alibaki nyuma mpaka wote walipoteremka ngazi. Bi Bashira alikuwa mtu mzima sana, macho yamefanya ukungu, lakini alisikiliza kwa uso mzima. Alisikiliza habari ya pamba, ya hitma, ya boza na ya mchuzi. Tasbihi ikapita vidoleni, duru nzima.

"Mumeo alitoa maji," alisema mwishowe. "Hakutoa kisima kikauliwe. Ukimpa jirani maziwa ya ng'ombe wako, mwanangu, hukumpa kisu."

"Kaapa, Bi."

"Kaapa kumnywesha mwenye kiu. Kisima kikifa atamnywesha nani? Aliyeweka waqfu ni msimamizi, si mtazamaji. Mwambie akamwambie yule bwana, kwa adabu. Na mwambie Bashira anamuombea mtoto."

Tahiya alirudi na maneno yale kama mtu aliyebeba yai. Amour aliyasikiliza, akamwomba ayarudie, akayasikiliza tena. Asubuhi alivaa kanzu yake ya Ijumaa na kofia, ingawa ilikuwa Jumapili, akatoka. Tahiya akajitanda kanga, akamfuata.

Waliingia kwenye jengo wakakuta majukwaa ya mafundi yameshashushwa. Kuta zilikuwa nyeupe. Vijana walikuwa wanapaka rangi madirisha, na Abdulwahid aliwaona akatoka kwa haraka, mikono miwili mbele.

"Mzee! Mimi nilikuwa nnakuja kwako! Tumemaliza, alhamdulillahi. Boza la mwisho lilikuwa jana, leo tunaing'oa pampu. Sijui nikushukuru vipi. Wallahi kila boza likijaa nilikuwa nawaambia vijana, semeni Mungu amrehemu Wanu. Waulize!"

"Kweli, mzee!" alipiga kelele kijana mmoja kutoka dirishani. "Mpaka ikawa ndiyo nyimbo yetu!"

Amour alisimama na kanzu yake ya Ijumaa, na lile neno alilolibeba tangu nyumbani likakosa pa kuwekwa. Mwisho akasema, "Mungu akulipe kheri, mwanangu," akageuka.

Tahiya hakugeuka. "Kisima kimeingia bahari," alisema.

Abdulwahid hakufahamu. Ikabidi amweleze, saladi, tungule, ukungu mweupe juu ya udongo. Uso wa yule bwana ulibadilika kidogo kidogo.

"Mbona hamkuniambia? Mama, mimi ningetafuta maji kwengine. Ningeyaleta kwa gari kutoka popote. Mimi niliwaona mnatabasamu kila likijaa! Nilidhani mnafurahi."

"Tulifurahi," alisema Tahiya.

Walirudi nyumbani mmoja mbele mmoja nyuma.

Wakangoja masika yaje yakioshe kisima. Walikifunika makuti kila adhuhuri, kama kwao Tahiya huko Mkokotoni, wakachota kwa ndoo ya kamba tu, taratibu, kama watu wanaomwamsha mgonjwa. Mvua zilikuja chache. Chumvi ilipungua, wakapanda mchicha, ukatoka, ukasimama, na Amour akaanza tena kupiga mluzi akifunga ndoo. Kisha mvua zikakatika kabla ya wakati. Na kwa kuwa majirani wa nyumba mpya nao walikuwa wamechimba visima vyao na kutia pampu zao, na wao hawakuwa na hitma wala adabu ya kulaza, chumvi ilirudi, safari hii haikunyemelea. Mchicha ukaungua ungali na majani mawili.

Muhiddin alituma salamu, akisema mkubwa wake ameamua kuchukua kwa Bi Borafya moja kwa moja, na kwamba yeye mwenyewe hana raha. Tahiya aliamini kwamba hana raha. Ridhwan akapata kazi ya kulinda geti kwenye ile nyumba ya Abdulwahid. Abdulwahid ndiye aliyemfuata, huenda kwa wema, huenda kwa aibu. Siku ya kwanza alipovaa sare, Ridhwan alijaribu mzaha. "Mama, si mbali. Ukipika utaniita tu kwa sauti." Hakuna aliyecheka. Na Tahiya akawa anakwenda Darajani, si kuokota maganda tena bali kununua tungule za watu, zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Nyumbani alizikosha moja moja, kwa muda mrefu, akisikia sauti ya Wanu inamwambia, sumu hiyo hiyo utakwenda kuila.

Siku moja Amour alikuwa amekaa kivulini, kando ya lundo la mboji ambalo halikuwa na pa kwenda. Mama mmoja mgeni akapita na mtoto wa kike mdogo. Mtoto alikuwa anajua kusoma, akasimama mbele ya kibati akasoma kwa sauti, akijivunia kila herufi. "Ma-ji ya Wa-nu. Ku-nywa." Mama yake akamtekea. Mtoto akanywa, akayatema palepale, mengine yakarukia kibati.

"Ma! Machungu!"

Mama alimwona Amour, akaona haya. "Samahani, baba. Mungu amrehemu," alisema, akamvuta mtoto mkono, akaongeza mwendo.

Tahiya alitoka nyumbani kwa kusikia nyundo. Amour alikuwa ameshang'oa msumari mmoja.

"Unafanya nini?"

"Kinasema uongo."

"Baba Wanu, ngoja." Alimshika mkono wenye nyundo. "Maji ya bahari yanatahirisha. Tumefundishwa, na wewe unajua. Hayanyweki, lakini mtu anatawadhia na udhu wake unapita. Andika hivyo. Sadaka yake haijakufa, imegeuka tu."

Amour alifikiri. Alifikiri mpaka Tahiya akaanza kutumaini.

"Wanu hakuomba udhu," alisema. "Aliomba maji."

Jawabu la neno lile Tahiya anamuomba Mola wake kila sijda mpaka leo. Lakini siku ya pili aliamka akakuta mumewe ametoa kile kikopo cha rangi ya kijani. Neno KUNYWA lilikuwa limefutwa, na mahali pake, kwa herufi zinazopanda kilima, pameandikwa TAWADHA. Neno lilikuwa refu kuliko lile la mwanzo, herufi ya mwisho ikakosa nafasi pale mstari unapokwisha, ikakaa nusu kwenye bati nusu kwenye nguzo.

Wanaokuja ni wachache. Msikiti umetiwa mabomba mapya, na watu hawana sababu ya kuinama juu ya kisima. Mbuzi wa jirani wanapita kati ya matuta, wananusa, hawali. Tahiya yeye anakwenda kila alasiri. Anateka kwa kamba, anatia nia, anaosha viganja. Siku hizi halii, machozi yamemkauka. Anasukutua, na chumvi iko palepale.